Nyanya za Ghorofani

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba mashine ile niliinunua kwa huruma. Jirani yangu wa chini, mama mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi kwenye mradi wa mambo ya bahari, alimaliza mkataba wake akawa anauza vitu asivyoweza kupanda navyo ndege, nami nikasema nimempunguzia mzigo. Wengine niliwaambia nilitaka kuiandikia makala. Dada yangu nilimwambia ni mambo ya afya, kwamba nyanya za sokoni siku hizi zinapuliziwa dawa mno. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kweli. Niliinunua ili mama yangu aje kuishi na mimi.

Nakaa Raskazone, hapa Tanga, ghorofa ya juu ya nyumba ya kizamani yenye kuta nene na ngazi za nje. Ukiwatajia watu mahali hapo wanasema, "Ah, kwa wakubwa huko," na wewe unabaki kufikiria bomba linalovuja. Binti yangu yuko Dodoma kikazi. Na mume wangu tuliachana kwa adabu zote, kila mmoja akimsihi mwenzake achukue friji. Kwa hiyo nyumba ikabaki na mimi, vitabu, na redio niliyokuwa naiacha izungumze jioni ili pawe na mtu.

Mama anakaa Ngamiani, kwenye nyumba aliyotuzalia, pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi mstaafu, mjane, na ana ulimi. Uani kwa mama kuna makopo ya rangi, ndoo zilizotoboka na beseni lililovunjika ukingo, na kila kimoja kimeota kitu: mrehani, mchicha, pilipili, mchaichai. Mama hatumii kisu kwenye mimea yake. Ana ukucha wa kidole gumba, wa mkono wa kulia, anaouacha urefuke kidogo na kuupaka hina, na ukucha huo ndio mkasi wake. Asubuhi hupita na kanga yake kiunoni akiviminya vichwa vya maua ya mrehani kimoja kimoja, ili nguvu irudi kwenye majani.

Siku ya Idi, mwaka ule, tulikuwa wote Ngamiani. Wanawake tulikaa kwenye mkeka kuzunguka sinia la pilau: shangazi zangu, binamu, majirani wa pande zote mbili. Faraghani nilikuwa nimeshamwomba mama mara nyingi aje akae kwangu, na kila mara alikuwa ananiuliza kama nimekula. Safari hii niliamua kumwomba mbele za watu. Nilifikiri kwamba mbele za watu hataweza kunikatalia. Nilijiona mjanja.

"Mama," nikasema, "njoo ukae kwangu. Kuna upepo, kuna utulivu, hospitali haiko mbali. Huku joto linakuumiza."

Mama alikuwa na kachumbari mdomoni. Alitafuna mpaka akamaliza, akapangusa vidole.

"Nitakuja, mwanangu, inshallah. Siku utakaponilisha kachumbari ya tungule ulizozipanda wewe mwenyewe, mle mle ghorofani kwako, ndiyo siku nitakayohamia."

Tungule ndizo nyanya. Mama huziita hivyo kama wazee wengi wa pwani. Watu wakacheka. Shangazi mmoja akasema, "Hapo basi tena," na sinia likaendelea kuliwa.

Walikuwa na haki ya kucheka. Kila mche niliowahi kuuweka kwenye roshani yangu uliungua kwa upepo wa chumvi. Mnanaa ulikufa, pilipili ikafuata, na hata mshubiri, ambao watu huuacha peke yake makaburini na ukastawi, kwangu ulikufa. Lakini hawakucheka kwa hilo tu. Kwetu mtu haambiwi hapana usoni, hasa mtoto, hasa siku ya sikukuu. Hapana hufungwa vizuri kama zawadi. Mwenye binti asiyetaka kumwoza kwa mposaji fulani husema mtoto bado anasoma, hata kama mtoto mwenyewe ni mwalimu mkuu. Asiyetaka kuazimisha jembe husema limekwenda shamba. Mposaji huondoka na mwazimaji huondoka, kila mmoja na heshima yake mkononi, na hakuna anayerudi kesho kuuliza kama jembe limerejea.

Wote waliokaa kwenye mkeka ule walilisikia jibu. Mimi, niliyesomea lugha chuo kikuu na kuandika kitabu kizima juu ya adabu katika mazungumzo ya watu wa mwambao, nilisikia sharti.

Haukupita muda jirani wa chini akatandaza vitu vyake kwenye ngazi, na katikati ya masufuria na feni nikaona boksi lenye picha ya nyanya ndogo nyekundu, za ukubwa wa zabibu, zimening'inia juu ya kitu kama kibirika cha plastiki. Nikamuuliza ni nini. Akanieleza kwamba ni bustani ya mezani. Haina udongo. Unajaza maji, unatia dawa ya chakula cha mimea kutoka kwenye chupa, mbegu zinakaa kwenye vijisifongo, na taa iliyo juu inakuwa ndiyo jua. Vijisifongo vyenye mbegu za nyanya alikuwa bado hajavitumia. Nilipanda navyo ngazi nikiwa nimekumbatia boksi kama mtu aliyeiba.

Niliiweka jikoni, pembeni ya jiko la gesi, mbali na roshani na upepo wake. Pampu ilikuwa na mngurumo mdogo, kama mtu anayelala chumba cha pili, na taa yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba jioni waliopita barabarani walidhani nimefungua saluni. Umeme ukikatika ilisahau saa zake, ikawa inawaka wakati wa kulala na kuzima wakati wa kuamka, mpaka niielekeze upya. Lakini miche ikachomoza. Nilizoea kuingia jikoni asubuhi bila kuvaa hata kandambili, kuitazama tu.

Mama na dada walikuja kuiona. Dada aliinama, akatazama maji, akatazama chupa ya chakula, akaniangalia kwa jicho la wodini.

"Dripu hii inaisha lini?"

"Dada, acha."

"Nauliza tu. Wagonjwa wenyewe naona wana hali nzuri. Ila ndugu wa mgonjwa ndiye mwenye tatizo."

Tangu siku hiyo jikoni kwangu kukaitwa wodi. Mama hakutania. Alizunguka kaunta pole pole, akagusa jani moja kwa upande wa nyuma ya kidole.

"Udongo wake uko wapi?"

"Hazina udongo, mama. Zinakunywa maji yenye chakula."

"Maskini," akasema mama, kama aliyeonyeshwa yatima.

Baada ya hapo akawa ananipigia simu kila siku alasiri. Zamani simu zetu zilikuwa za mara moja moja, na nyingi nilizipiga mimi. Sasa alianza yeye. Zimefika wapi? Zimerefuka? Majani yana rangi gani? Nami nilimweleza kila kitu, mpaka urefu wa mizizi, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye mama yake ameipenda kazi yake. Siku nilipomwambia zimeweka maua, manjano, madogo, yameinama kama taa za barabarani, aliniuliza ni mangapi, nikamhesabia.

"Mashallah," akasema. Kisha, "Lakini ua si tungule."

"Litakuwa, mama."

"Inshallah."

Niliweka simu chini nikaenda kupima chumba cha wageni.

Wakati huohuo nikaalikwa Mombasa kwenye kongamano la waandishi. Nilifikiria kukataa. Nilifikiria, kwa kweli, kumwambia mwandalizi kwamba nina nyanya zinazochanua. Mwishoni nikampa dada funguo, nikamwonyesha mstari wa maji, nikamsisitizia mara tatu asizime taa.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimelea watoto njiti. Nenda kasome makaratasi yako."

Nikaenda. Wakati wa kurudi, nikiwa kwenye foleni ya mpakani Horohoro na pasipoti mkononi, nilimpigia kumuuliza hali ya wagonjwa.

"Wamelala," akasema dada. Sauti yake ilikuwa fupi. Nikadhani yuko na wageni.

Nilipofika nyumbani maji yalikuwa kwenye mstari wake, taa inawaka, pampu inakoroma, na hapakuwa na ua hata moja.

Kwanza nililaumu joto. Nilisoma mahali kwamba kukiwa na joto kali na unyevu mwingi chavua ya nyanya hushikana na ua huanguka bila kuzaa, na Tanga miezi ile hata mtu hushikana. Kisha nililaumu maji ya bomba, kwa sababu ya chumvi. Ikanipa faraja kulaumu vitu visivyokuwa na uso. Lakini nilipofuta kaunta sikuona ua lililoanguka. Wala petali moja. Nikavaa miwani ya kusomea, nikainama. Ua la nyanya likianguka lenyewe huachana pale kwenye kifundo cha kikonyo, na kifundo kinabaki kikavu na cha njano. Vikonyo vyangu vilikuwa vya kijani, vimekatwa chini ya kifundo, na mkato ulikuwa safi.

Mkato safi. Na mwenye funguo alikuwa mtu aliyeshika mikasi ya hospitali maisha yake yote. Sikuhitaji miwani kwa hilo.

Nilimkuta uani Ngamiani anachambua mchele kwenye ungo. Mama alikuwa chumbani kwake, na redio yake, ambayo saa hizo huwa haizimwi, ilikuwa imezimwa.

"Dada, nani aliingia kwangu?"

"Funguo si nilikuwa nazo mimi?"

"Basi wewe ndiye uliyekata maua."

Hakuinua uso. "Mdogo wangu, nimekata vitovu vya nusu ya mji huu. Sasa uzeeni nianze kukata maua yako?"

"Hukutaka mama aje kwangu."

"Hilo sikatai. Sikutaka, na sitaki. Akija kwako mimi nitabaki humu na nani, na kuku?"

"Kwa hiyo ni wewe."

Alitupa jiwe dogo kutoka kwenye mchele. Kisha akatazama mlango wa chumba cha mama, akautazama kwa muda, akarudisha macho kwenye ungo.

"Kama unaona ni mimi, basi ni mimi. Kaandike hivyo hivyo. Si ndiyo kazi yako?"

Nikadai funguo zangu. Akazitoa kwenye pindo la kanga, akaziweka juu ya kinu bila kunipa mkononi. Nilitoka kwa mlango wa uani nisije nikapita mbele ya mama na uso ule. Mtu aliyenifundisha kuvuka barabara, aliyenilipia nauli ya kwanza ya chuo kwa mshahara wake wa kwanza, aliingia jikoni kwangu akakata kitu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kumwomba mtu anitunzie. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona bajaji iliyokuwa inanipigia honi.

Tukaacha kusemezana. Kwetu habari hizo hazihitaji kutangazwa. Shangazi zangu walijua kabla sijavua viatu. Mama aliendelea kunipigia simu alasiri, na hakuwahi kumtaja dada. Niliona ni busara yake. Niliona anajizuia kuegemea upande.

Miche, kwa upande wake, haikuwa na habari. Ikaweka maua tena. Safari hii sikuondoka mjini. Nyanya zikiwa shambani hutikiswa na upepo na wadudu. Jikoni hakuna upepo wala mdudu, kwa hiyo nilinunua brashi ndogo ya kuchorea, na kila asubuhi nikawa napapasa ua moja moja, mwanamke mzima mwenye mvi, nikinong'ona. Siku moja ua lilikunjuka nyuma likanyauka, na pale pale nyuma yake pakabaki kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Kikawa punje ya mbaazi. Kikawa gololi. Vikawa vishada.

"Zimeshika, mama," nilimwambia.

"Zimeshika kweli?"

"Kweli. Bado kijani, lakini zimeshika."

"Zinatosha kachumbari?"

"Zinatosha. Labda na ya jirani."

Nikasikia redio yake ikizimwa.

"Nitakuja Ijumaa," mama akasema. "Nizione kwa macho yangu."

Naomba mnielewe siku zile zilivyokuwa. Nilitoa vitabu vyangu chumba cha wageni nikavirundika korido. Nilinunua godoro gumu, kwa sababu mama hapendi linalozama. Nilitia mapazia ya rangi aipendayo. Nilitandika mswala, nikamuuliza mwenye duka la mtaani, ambaye ni mtu wa msikitini, kibla kiko upande gani hasa kutoka dirishani kwangu, maana nilikuwa nimeishi humo miaka na kuswali kwa kukisia. Nilinunua birika la kutawadhia na kigoda kifupi cha kukalia. Redio sikuiwasha wiki ile. Sikuihitaji.

Ijumaa mama akaja peke yake kwa bajaji, akapanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache, mkono ukutani. Nilimwonyesha chumba. Akasimama mlangoni, akasema, "Pazuri." Hakuingia. Kisha nikampeleka jikoni, akasimama mbele ya mashine, na mwanga ule mweupe ukamfanya aonekane mzee kuliko nilivyozoea.

"Kweli zimezaa," akasema.

"Si nilikwambia."

"Uliniambia." Akavuta pumzi. "Una ndimu?"

"Sina, mama."

"Pilau bila ndimu? Nenda kalete. Na pilipili mbichi, zile ndogo. Mie nitakaa hapa hapa."

Niliteremka ngazi mbiombio kama msichana. Aliyetaja ndimu na pilipili alikuwa anafikiria kachumbari, na anayefikiria kachumbari anafikiria ahadi yake; ndivyo nilivyofasiri, nikiwa na shahada zangu zote. Duka la karibu halikuwa na pilipili, nikavuka mpaka la mbali. Niliporudi mama alikuwa sebuleni, amekaa akitazama dirisha, anavuta tasbihi. Pilau nilikuwa nimeshaipanga mezani kabla hajafika; tukala. Alikula kidogo, alisifu mchele, alinisimulia habari za harusi ya jirani. Bajaji ilipokuja kumchukua alinishika shavu kwa kiganja chake, akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na nilipomkumbatia nilihisi vitu vidogo vigumu kwenye fundo la pindo la kanga yake. Nikadhani ni tasbihi.

Niliingia jikoni kuosha vyombo, nikiwa naimba.

Vishada vilikuwa vitupu. Ilikuwa imebaki nyanya moja tu, nyuma, chini ya jani. Nikainama bila kuvaa miwani, na safari hii sikuhitaji kusoma chochote. Kwenye kila kikonyo, pembeni ya mkato, palikuwa na alama nyembamba iliyopinda kama mwezi mwandamo. Nilikulia kwenye uwanja uliojaa alama hizo. Kila shina la mrehani nyumbani kwetu lilikuwa nayo.

Mtu anaweza kujua jambo na bado asikubali kulijua. Siku zilizofuata nilijiambia ni mjusi. Nilijiambia ni panya, ingawa panya gani huyo anayekata kwa ustaarabu na kubeba. Nilikaa mezani nikiitazama ile moja iliyobaki ikigeuka kutoka kijani kuwa njano, kutoka njano kuwa rangi ya chungwa, na nikagundua kwamba mama hajapiga simu tangu Ijumaa. Nami sikupiga. Hasira niliyokuwa nayo kwa dada ilikuwa na nguvu, ilinisimamisha wima. Hii ilikuwa ya namna nyingine. Nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye sijui jinsi ya kumkasirikia, kwa sababu kila nilipoanza niliona kile kiganja shavuni.

Simu ililia asubuhi moja, nikiwa nasahihisha makala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nikasikia kuku wa dada, na mkokoteni ukipita nje ya dirisha lao, na mtu akimsalimu mama kwa jina la utani, naye akimwitikia mbali na simu. Kisha akarudi.

"Na ile moja," akasema, "imeiva?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba imebaki moja.

"Imeiva," nikasema.

"Nyekundu?"

"Nyekundu."

"Niliiacha makusudi. Usije ukasema nyumba yako haikuzaa."

Nilikaa chini. Mama aliendelea, bila haraka, kama anayenieleza namna ya kupika kitu.

"Zile nyingine nilizipika na samaki. Chakula hakitupwi. Zilikuwa chachu, lakini zilifaa."

"Na maua? Nilipokwenda Mombasa?"

"Mie. Nilimwambia dada yako anichukue nikaone. Alikwenda kuchota maji, aliporudi nimeshamaliza. Nikamwapisha asiseme. Usiendelee kumnunia, alilia yule."

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba hutaki?"

"Nilikwambia." Sauti yake haikupanda. "Siku ya Idi, mbele ya watu. Hakuna asiyenisikia pale. Wewe ukaenda kununua mashine."

Nikatazama ile moja. Taa ilikuwa inaiangaza kama kitu cha dukani.

"Kwa hiyo hata zingeiva zote, usingekuja."

"Ningekuja," akasema, na hapo ndipo aliponikazia sauti. "Nimeshatamka, mwanangu. Zingeiva ningefunga nguo zangu nije, nikae kwenye kile chumba chenye mapazia nikingoja urudi. Kwa nini unadhani nilizitoa? Hapa nikichelewa kufungua dirisha, watu wanagonga. Kwako nikianguka asubuhi, utajua jioni."

Nilitaka kumuuliza: na mimi nikianguka asubuhi? Swali lilifika mdomoni kabisa. Sikuliuliza, na yeye hakulifikiria, au alilifikiria akaliacha.

"Uje Ijumaa," akasema mama. "Tule pamoja. Dada yako atapika."

"Inshallah, mama," nikasema. "Nikimaliza hii makala."

Upande wa pili kuku walinyamaza, au aliiweka simu kifuani. Alikuwa amenisikia.